Basi la Saa Moja

Sehemu ya Kumi na Moja

Hakuna.

Neno lenyewe ndilo hilo, msomaji, na ndilo tulilomwacha Mama Vijiti akilikodolea macho wiki iliyopita. Si wachache. Si kumi, si watano. Mbele ya jina la kituo chake, Njia Panda ya Juu, penye nafasi ya abiria wa asubuhi, mashine ilikuwa imepiga chapa neno moja tu: hakuna.

Na nyuma ya ukurasa huo, ilikuwa imeambatishwa karatasi yenye sahihi. Sahihi yake mwenyewe, yenye mkia mrefu kama wa panya.

"Hii si yangu," alisema.

Mtunza faili alishusha miwani mpaka ncha ya pua. "Mkia huu ni wako. Mkoa mzima hakuna mwingine anayefuga panya kwenye sahihi."

"Sahihi ni yangu. Neno si langu."

"Basi umesainia neno la watu, Mama Vijiti. Ndiyo maana mimi sisaini hata nikipewa zawadi."

Kwa aliyepitwa na gazeti, au aliyelifungia sabuni kabla hajalisoma, ni hivi. Mama huyu ni karani wa kuhesabu abiria, mwaka wa kumi na tisa huu. Anahesabu kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimewalalia wenzake, na jina likamganda hapo. Ofisi ya Usafiri ya Mkoa inachora ramani mpya ya njia za mabasi, ya miaka ishirini ijayo. Njia itakayobaki itapewa basi la umeme, jipya, lisilotoa moshi. Njia yenye abiria chini ya arobaini kwenye safari ya asubuhi inafutwa. Ramani inasainiwa leo, saa tisa alasiri.

Na basi la saa moja kutoka Njia Panda ya Juu ndilo linalompeleka binti yake hospitali mara tatu kwa wiki, kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimegoma. Akikosa zamu moja anavimba miguu. Akikosa mbili, daktari alishamwambia mama yake, na mama mtu hajamwambia mtu mwingine.

Mama Vijiti alifunga faili akalitia kwapani.

"Faili halitoki chumba hiki!" mtunza faili alipiga kelele.

"Halitoki peke yake. Linatoka na mimi."

Ofisi ya Mhandisi iko ghorofa ya tatu, na lifti ile ilikufa zamani, hata aliyeiua ameshastaafu. Mama Vijiti alipanda kwa kushika ukuta. Magoti yalilia. Ghorofa ya pili, kwenye benchi la ukumbini, alimkuta shemeji yake, mume wa mdogo wake, dereva wa hilo hilo basi la saa moja, ameleta kitabu chake cha safari kukaguliwa.

"Shemeji! Mbona unapanda ngazi kama umebeba gunia?"

"Nimekubeba wewe. Wamesema asubuhi hakuna hata mtu mmoja anayepanda basi lako."

Dereva alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe kila siku napakia majini! Nani kasema?"

"Mimi. Tena nimesaini."

Kicheko kilikatika.

"Twende wote juu," alisema Mama Vijiti.

Dereva alitazama kitabu chake cha safari, akakipeleka upande wa pili wa benchi, mbali na mkono wa shemejiye. "Tangulia wewe. Mambo ya maofisini yananikaba koo."

Mama Vijiti aliyasikia maneno hayo kwa sikio moja, akapita. Laiti angesimama!

Mhandisi, aliyekuwa akiichora hiyo ramani, alikuwa msichana wa rika la binti yake. Viatu vilikuwa kando, miguu mitupu sakafuni, macho mekundu kwa wiki tatu za kulala vipande vipande. Ramani ilifunika ukuta mzima. Mistari ya kijani ilikimbia huku na huku kama mizizi, lakini upande wa juu palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa.

"Mwanangu, watu wangu umewapeleka wapi?"

"Shikamoo mama. Watu gani?"

"Marahaba. Watu wa Njia Panda ya Juu. Siku kumi na nne nimekaa kwenye lile benchi la zege, mvua yangu, jua langu. Nimekuletea karatasi kumi na nne. Leo nasoma hakuna. Umempa nani nafasi yao? Sema tu, mimi sina nguvu ya kupiga kelele."

Mhandisi alilipokea lile faili la kwapani. Alilifungua, akatoa karatasi moja moja, akazipanga mezani.

"Ni hizi?"

"Ni hizo."

"Mama, naomba nikuulize na usinikasirikie. Ulikuwa unahesabu wakati gani?"

"Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne. Kila siku."

"Sasa mbona umeandika watu hamsini na wawili saa saba ya usiku?"

"Saa saba ya usiku!" Mama Vijiti alishika meza. "Saa saba ya usiku mimi niko kitandani nakoroma, majirani wote ni mashahidi!"

"Karatasi ndiyo inasema. Mstari wa kwanza, watu hamsini na wawili. Mstari wa tatu, thelathini na mmoja. Nikajiuliza, hawa usiku wa manane wanakwenda wapi na basi, kuiba? Mashine ikasema ni makosa. Nikafuta."

"Ukafuta."

"Nilifuta, mama. Ilikuwa hivyo kila siku. Nilidhani..." Alisita. "Nilidhani umechoka, unachora vijiti popote pale."

Neno hilo lilimwingia mama wa watu kama mwiba wa samaki. Amechoka, ndiyo. Alichoka tangu mwaka wa saba wa kazi hii. Lakini kijiti chake hakijawahi kusimama pasipo na mtu.

Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hapa pamechapwa nini?"

"Moja."

"Saa moja. Basi la shemeji yangu linaondoka saa moja. Jua limeshatoka, watu wamenawa uso, wanakwenda kazini. Nimeandika kwenye moja. Ningeandika wapi, kwenye kumi?"

"Lakini mama, karatasi hii inaanzia katikati ya usiku. Ina mistari ishirini na minne. Moja yake ni..."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Mhandisi alitupa jicho kwenye mkono. Ilikuwa saa ya namba, isiyo na mishale. "Saa nne na dakika ishirini."

"Hebu soma vizuri. Imeandika nne?"

Msichana alisoma tena. Kwenye kioo palikuwa na kumi, nukta mbili, na ishirini. Macho yameona kumi, mdomo umetamka nne, wala hakuna aliyeshtuka njiani. Na ndivyo alivyoisoma saa tangu alipofundishwa na mama yake, kila siku ya maisha yake, bila kujisikia.

Alikaa chini taratibu.

"Mungu wangu. Vituo vingine vyote wamehesabu kwa simu. Simu inaandika saa yenyewe. Kwenu huko juu hakuna mtandao, ndiyo maana tukakupa karatasi."

"Kwa hiyo mtandao hatuna, basi nalo tusiwe nalo."

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

"Ni lako, na ni langu, na ni la aliyeichapa. Tutagawana baadaye. Rekebisha."

Kurekebisha si kama kufuta. Kufuta kulichukua kubonyeza mara moja. Kurekebisha kulichukua mpaka saa nane. Mama Vijiti alisoma karatasi moja baada ya nyingine kwa sauti, Mhandisi akaingiza upya, mashine ikagoma, ikawashwa, ikagoma tena. Hakuna aliyekula. Mara moja Mama Vijiti alisinzia katikati ya Alhamisi ya pili, akazinduka na kuendelea pale pale alipoishia.

Hatimaye, kwenye kioo cha mashine, mstari wa kijani ukaanza kupanda. Ulitoka mjini, ukapita kiwanda cha matofali, ukapita shule, ukakata mto, ukafika juu, ukasimama. Abiria wa asubuhi, kwa wastani: hamsini na wawili.

"Hiyo hapo," alisema Mhandisi.

Mama Vijiti hakushangilia. Alifumba macho tu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Lakini msomaji, wewe na mimi tunajua kwamba ramani haisainiwi na aliyeichora.

Mkurugenzi, mwenye kalamu ya kusaini, hakuwa mtu mbaya. Nasema hili mapema maana wengi mmeshaanza kumchukia tangu sehemu ya tatu. Alikuwa ameilegeza tai, ametoa mguu mmoja kwenye kiatu, na mbele yake palikuwa na makaratasi hata huoni meza ni ya rangi gani.

"Nani amebadilisha?" aliuliza, Mhandisi na Mama Vijiti walipomwekea ramani mpya mezani.

"Mimi," alijibu Mhandisi.

"Kwa ushahidi wa nani?"

"Wa mama huyu."

"Ambaye ndiye aliyekosea."

"Aliandika saa kama wewe unavyoitamka, mkubwa."

Mkurugenzi alijikuna kidevu. "Sikatai. Hata mimi ningeandika hivyo. Lakini wiki jana karani wa bondeni ameniletea abiria mia mbili hewa, ili kwao lipelekwe basi. Watu mia mbili, mama, kijiji chenye nyumba kumi na tisa! Nikikubali namba kwa maneno matupu, kesho nitapanga foleni ya makarani mpaka barabarani. Nataka shahidi wa pili. Kitabu cha safari cha dereva. Vikilingana, nasaini sasa hivi."

Mama Vijiti aliona nuru. "Dereva mwenyewe yuko hapo chini!"

Aliitwa. Aliingia amekumbatia kofia kifuani kama mtu aliyeingia msibani. Hakumtazama shemeji yake. Mhandisi alipokea kitabu, akafungua, na tabasamu lake likaanza kushuka.

"Soma," alisema Mkurugenzi.

"Jumatatu, thelathini na sita. Jumanne, thelathini na sita." Alifunua. "Jumatano, thelathini na sita. Siku zote kumi na nne ni thelathini na sita."

Thelathini na sita haifiki arobaini!

"Mmoja wenu ananidanganya," Mkurugenzi alisema, tena kwa upole. "Ama karani ametia chumvi, ama dereva amepunguza. Dereva, basi lako lina kibali cha kubeba watu wangapi?"

"Thelathini na sita, mzee."

"Ahaa."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika arobaini. "Tokeni nje wote wawili. Dakika kumi. Mkirudi nataka namba moja."

Benchi lililokuwa nje ya mlango wa Mkurugenzi lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila mmoja wao alipopumua, liligonga sakafu.

"Umeniua, shemeji," alisema dereva.

"Mimi? Wewe ndiye umeandika thelathini na sita kama kasuku!"

"Ningeandika ngapi? Kibali kinasema thelathini na sita. Nikiandika hata thelathini na saba, leseni imekwenda. Hawaulizi mara mbili."

"Na wale wengine waliosimama?"

"Wale wengine nao ni watu! Kuna yule fundi matofali, akichelewa lango linafungwa. Kuna mwalimu wa watoto wadogo. Kuna wale wenye vikapu vya mboga, mboga haingoji. Nimwache nani pale kituoni? Nimchague kwa kipi, kwa sura? Ungekuja wewe unichagulie?"

Mama Vijiti aliwahesabu kwa vidole: fundi, mwalimu, wenye vikapu.

"Nimeomba basi la pili," aliendelea dereva, sauti imeshuka. "Mara nne nimeomba. Kwa barua."

"Wakakujibuje?"

"Wakanijibu kwamba kitabu changu kinaonyesha abiria wanaenea vizuri kwenye basi moja."

Walitazamana. Kicheko kikaanzia kwa Mama Vijiti, kidogo, cha puani, kikahamia kwa dereva, mpaka benchi likagonga sakafu kama mlango unaobishwa hodi. Walicheka kicheko kile cha watu ambao hawana pengine pa kuuweka uchovu. Kikaisha chenyewe.

"Nina miaka hamsini na minne, shemeji. Kitu kingine sijui. Mdogo wako aliwahi kunipa jembe, nikalishika kama usukani. Nikimwaga unga leo, nitaokota wapi?"

Ilikuwa zamu ya Mama Vijiti kusema. Maneno yalikuwa tayari ulimini: sema ukweli, mtoto wangu atakufa. Aliyaonja. Halafu akauona mlango wa mdogo wake, na mdogo wake mlangoni, akimuuliza, dada, umemfanya nini mume wangu?

"Sikulazimishi," alisema, na hilo ndilo neno zito kuliko yote aliyoyabeba siku ile. "Ukisema thelathini na sita, nami nitasema nilihesabu vibaya. Nitasema nimechoka. Wataniamini. Asubuhi wameniamini hivyo hivyo bila hata kuniuliza."

"Na binti yetu?"

Mama Vijiti alinyoosha kitambaa chake kichwani. Alikinyoosha tena.

Mlango ukafunguka. "Ingieni," alisema Mhandisi.

Mkurugenzi alikuwa ameshika kalamu, ameikunjua ramani mbele yake. Dakika saba zilibaki.

"Namba?"

Mama Vijiti alifungua mdomo. "Mkubwa, mimi nadhani nili..."

"Jumatatu ya kwanza walikuwa hamsini na watano," alisema dereva.

Wote wakageuka.

Dereva alikuwa amefumba macho, kofia imekunjwa mkononi kama kitambaa cha kufutia vumbi. "Jumanne hamsini. Jumatano hamsini na wanne, Jumatano huwa wengi, kuna wa hospitali. Alhamisi arobaini na tisa. Ijumaa hamsini na wanne. Nawahesabu kwenye kioo kila nikiwasha gari. Najua hata aliyesimama mguu mmoja."

Mhandisi alizinyakua karatasi za vijiti, kidole kikakimbia. Hamsini na watano, ndiyo. Hamsini, ndiyo. Dereva aliendelea, siku hadi siku, bila kitabu, kama mtu anayewataja wanawe kwa majina.

"Jumatano ya pili, hamsini na watatu."

"Hapana," Mhandisi alisita. "Hapa mama ameandika hamsini na wanne."

Mama Vijiti aliinamia karatasi yake.

Dereva akafikiri. "Kulikuwa na mtoto mgongoni siku hiyo. Sisi madereva wa mgongoni hatumhesabu."

"Mimi namhesabu," alisema Mama Vijiti. "Naye ana safari yake."

Mkurugenzi alicheka kidogo, halafu akaacha, maana alijua kinachofuata. Aliinama, akasaini ramani. Kalamu ilikwaruza. Njia Panda ya Juu imebaki! Basi la umeme litapanda mpaka juu, fundi matofali atafika, mboga zitafika, binti atafika. Mhandisi alijiziba mdomo kwa viganja.

Kisha Mkurugenzi akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Unajua lazima niichukue."

"Najua, mzee."

Dereva alitoa leseni mfukoni, imechakaa pembe zote, akaiweka kiganjani. Halafu akatoa funguo za basi, akaziweka mezani juu ya ramani. Zikatulia pale ulipochorwa mto.

"Shemeji," alinong'ona Mama Vijiti.

"Usiseme kitu. Ukisema nitalia, na mimi nikilia huwa sipendezi."

"Basi jipya linakuja lini?" Mhandisi aliuliza haraka.

"Miezi minne."

"Na hili la sasa nani ataliendesha?"

Mkurugenzi alivua miwani, akasugua macho. "Dereva wa akiba hatuna, wote wako kwenye njia zao. Nafasi itatangazwa. Wiki sita, tukienda mbio."

Wiki sita! Mama Vijiti alihesabu zamu za binti yake hospitali, moja baada ya nyingine, vinne vimesimama na cha tano kimelala. Alifika kumi na nane akaacha.

Simu ikatetemeka kwenye mkoba wake. Alikuwa binti.

"Mama, nimeshindwa kungoja. Wamesaini?"

"Wamesaini, mwanangu."

"Kweli? Mama, kweli?" Sauti yake ilikuwa imekauka, ya mtu anayepimiwa maji ya kunywa kwa kikombe kidogo, lakini ilicheka. "Basi leo nalala mapema. Mwambie baba mdogo aniwekee kiti changu kesho asubuhi. Miguu imeanza tena."

Mama Vijiti alikaa na simu sikioni.

Mbele yake, kitu kililia mezani. Alipoinua macho, funguo hazikuwa tena juu ya ramani. Mhandisi alikuwa amezishika, kiganja kimoja kimezifunga, uso umepauka kama chokaa. Hakumtazama Mkurugenzi. Alimsogelea dereva, akamwinamia sikioni, na akauliza kwa sauti ambayo kila mtu chumbani aliisikia:

"Baba, kwenye basi lako, gia ya kurudi nyuma iko upande gani?"

"Mhandisi," alisema Mkurugenzi, akisimama na kiatu kimoja. "Weka funguo hizo chini."

Hakuziweka.